Wafumaji wa Rochdale na Sanduku Letu
(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, nayo imepigwa chapa kwa amri ya Halmashauri)



Halmashauri iliniagiza nitayarishe maneno juu ya mabadiliko ya maisha na uchumi katika historia ya dunia ya sasa. Nilipolipokea agizo hilo niliona uzito wake, kwa maana dunia ni kubwa, na mimi ni karani tu niliyeishia shule ya sekondari ya misioni, ambako historia tulifundishwa kwa majina ya wafalme na vita vyao. Juu ya watu waliofuma nguo za wafalme hao hatukuambiwa neno. Basi nimeona afadhali nichukue mji mmoja nieleze habari zake kwa urefu, kuliko kuizunguka dunia yote na kurudi mikono mitupu. Mji wenyewe ni Rochdale, ulioko kaskazini ya Uingereza, karibu na Manchester. Nimeuchagua kwa sababu ya yale mashauri mawili yatakayopigiwa kura leo alasiri, yaani kukopesha fedha za Mfuko wa Mazishi, na kufungua duka la chama litakalotoa vitu kwa deni. Sitaficha kwamba ninayo rai yangu, na wazee watanisamehe nikiisema mwishoni.

Zamani, kabla ya mwaka 1760 hivi, nguo katika nchi ile zilifanyizwa nyumbani. Mama na watoto walichambua na kusokota nyuzi. Baba aliketi kwenye kitanda cha kufumia na kupitisha mshindio katikati ya mitande. Wasokotaji kadhaa walitakiwa ili kumpa kazi mfumaji mmoja, na mara nyingi mfumaji alikaa bure akingoja nyuzi. Ndipo James Hargreaves, katika miaka ya 1760, alipofanyiza mtambo mdogo wa kusokota nyuzi nyingi kwa mara moja. Mwaka 1769 Richard Arkwright alipata hati ya serikali kwa mtambo wake, ambao baadaye uliendeshwa kwa nguvu za maji, na mwaka 1779 Samuel Crompton akaleta ulio bora zaidi. Nyuzi zikawa tele. Kwa muda wa miaka kadhaa mfumaji alikuwa bwana: kazi ilimfuata mlangoni, na ujira ukapanda.

Neema hiyo haikudumu. Mwaka 1785 Edmund Cartwright alipata hati ya kitanda cha kufumia kinachoendeshwa kwa mtambo. Chombo hicho kilikuwa kibovu mwanzoni, na watu walikicheka. Miaka arobaini baadaye hakuna aliyecheka. Katika mji wa Bolton, ambao hauko mbali na Rochdale, mfumaji wa mkono aliyepata kama shilingi 25 kwa wiki mwanzoni mwa karne ya 19 alikuwa akipata chini ya shilingi 6 ilipofika miaka ya 1830. Naomba tuliangalie jambo hili vizuri, maana ndilo linalowadanganya watu. Mfumaji hakuamka siku moja akakuta kazi imekwisha. Kazi ilikuwapo jana, ilikuwapo leo, ila malipo yake yalipungua kidogo kidogo. Naye alidhani kwamba akikesha saa mbili zaidi atafidia upungufu; na jirani yake alidhani vivyo hivyo; na nguo zilizozidi kwa kukesha kwao ndizo zilizoshusha bei tena. Watu hao hawakuwa wavivu. Waliangamia wakifanya kazi.

Watoto waliingia viwandani. Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilikataza kuwaajiri watoto walio chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, likaweka wakaguzi wanne kwa nchi nzima. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya maskini, iliyosema kwamba mtu mwenye nguvu asipewe msaada nyumbani kwake, ila aingie katika nyumba ya maskini, ambamo mume alitengwa na mke na watoto wakatengwa na wazazi. Watu waliiogopa nyumba hiyo kuliko jela. Na zaidi waliogopa kufa humo, wakazikwa kwa sanduku la serikali pasipo jina wala jamaa.

Hapo ndipo wazee wangu mtakapojitambua katika habari za watu wa mbali. Kwa hofu ya maziko ya aibu, wafanya kazi wa Uingereza walikuwa na vyama vyao vya kuzikana na kuuguzana. Kila wiki mtu alitoa peni yake, zikawekwa katika sanduku lenye kufuli zaidi ya moja, na kila ufunguo ukawa kwa mtu wake. Mwaka 1793 Bunge lilitunga sheria ya kuvitambua vyama hivyo na kulinda fedha zao. Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba chama kama hiki chetu, cha kuchanga ili maiti wa mwenzetu asizikwe ugenini pasipo watu wake, ni desturi ya Mwafrika peke yake. Sivyo. Ni desturi ya mtu ye yote aliyeuacha mji wa babaye akaenda kutafuta mshahara.

Walakini kuzikana ni jambo moja, na kula ni jambo jingine. Mfanya kazi wa siku zile aliibiwa mara mbili, mara ya kwanza alipolipwa na mara ya pili aliponunua. Waajiri wengine hawakulipa fedha. Walitoa vyeti vya kuchukulia vitu katika duka la mwajiri mwenyewe, kwa bei aitakayo yeye. Sheria ya 1831 iliikataza desturi hiyo katika kazi nyingi, lakini haikukoma upesi. Na vyakula vyenyewe havikuwa safi. Tangu mwaka 1820 mkemia mmoja aitwaye Frederick Accum alikuwa ametoa kitabu kuonyesha jinsi mikate ilivyotiwa shabu, na jinsi vyakula vingine vilivyochanganywa na vitu vya sumu ili vionekane vizuri. Mnunuzi angeweza kuhama duka hilo aende jingine? Hakuweza, kwa sababu alikuwa na deni. Jina lake lilikuwa katika daftari, na aliyemo katika daftari hachagui duka.

Hili silisemi kwa kusoma vitabuni tu. Nilipokuwa mtoto, baba yangu alichukua vitu kwa deni katika duka moja lililokuwa njia panda, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Baba hakujua kusoma. Alitia kidole gumba. Nilipofika darasa la tano aliniambia, "Twende ukanisomee." Nilisoma ukurasa wake wote, nikaona mafuta ya taa yameandikwa mara mbili katika siku ambayo sisi sote tulikuwa matangani kwa mjomba, wala hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekanyaga dukani. Nikamnong'oneza baba. Akanishika bega, akamwambia mwenye duka, "Mtoto anasema hesabu ni sawa." Njiani nilimwuliza kwa nini amesema uwongo. Akanijibu: "Mwanangu, mavuno ni miezi miwili ijayo. Nikimgombeza leo, kesho mama yako atapika nini?" Mtu mwenye duka sitamtaja, naye amekwisha kufa, Mungu amrehemu. Lakini siku ile nilijifunza kwamba deni halifungi mfuko peke yake. Hufunga na mdomo.

Sasa nirudi Rochdale. Watu wa mji ule walifuma hasa flaneli, ambacho ni kitambaa cha sufu chenye joto. Mwaka 1833 baadhi yao walikuwa wamefungua duka la ushirika katika barabara iitwayo Toad Lane. Duka hilo lilitoa vitu kwa deni, kwa moyo mwema, maana wote walikuwa ndugu. Mwaka 1835 likafa. Madeni hayakulipwa, na kila aliyedai aliona haya kumshtaki mwenzake.

Miaka tisa baadaye wengine walijaribu tena, na baadhi yao walikuwa wale wale walioonja lile la kwanza. Walikuwa watu 28 kwa hesabu iliyozoeleka. Hadithi husema kwamba wote walikuwa wafumaji wenye njaa, lakini waliochunguza majina yao wameonyesha kwamba wengi walikuwa mafundi: washona viatu, maseremala, washona nguo, na wengine wenye kazi zilizokuwa bora kidogo. Nalisema hili kwa sababu ni la kweli, na kwa sababu lina mafunzo yake nitakayoyafikia. Kila mtu alitakiwa kutoa pauni moja. Pauni moja ya siku zile ilikuwa peni 240, nao walianza kutoa peni 2 kwa wiki. Wenye kujua hesabu wataona kwamba kwa kiasi hicho mtu angechanga wiki 120, yaani zaidi ya miaka miwili. Wakapandisha hadi peni 3. Waliandikishwa tarehe 24 Oktoba 1844, kwa jina la Chama cha Watangulizi wa Haki wa Rochdale. Charles Howarth alishughulika sana na kanuni zao, na James Daly akawa mwandishi.

Walipanga orofa ya chini ya ghala, namba 31 katika ile ile Toad Lane, kwa pauni 10 kwa mwaka. Walipokwisha kutengeneza meza na rafu, fedha zilizobaki za kununulia vitu zilikuwa kama pauni 16 na nusu. Walipata siagi ratili 28, sukari ratili 56, unga wa ngano kidogo, gunia moja la unga wa oti, na mishumaa. Basi. Tarehe 21 Desemba 1844, jioni ya majira ya baridi, ambayo ndiyo karibu ndefu kuliko zote katika mwaka wao, walifungua dirisha. Yasemekana kwamba nje walikusanyika vijana wa viwandani kuwazomea, na kwamba mwenye duka mmoja wa jirani alijigamba kuwa angeweza kuvibeba vitu vyote vile kwa gari moja la kusukuma kwa mkono. Samuel Ashworth aliuza, na William Cooper akashika fedha. Mwanzoni duka lilifunguliwa jioni mbili tu kwa wiki, kwa maana mchana wauzaji wenyewe walikuwa kazini.

Katika kanuni zao hawakuandika duka peke yake. Waliandika kwamba watajenga nyumba za wanachama, watafungua viwanda vya kuwaajiri wasio na kazi, watanunua mashamba, wataanzisha makao yao wenyewe ya kujitawala, na tena watafungua hoteli isiyouza pombe. (Najua kuna wanachama hapa ambao kwa ajili ya neno hili la mwisho wasingejiandikisha Rochdale.) Mengi katika hayo hawakuyafikia kamwe. Lakini duka liliishi, na liliishi kwa sababu ya kanuni chache.

Waliuza kwa fedha mkononi. Mwanachama au mgeni, mwenyekiti au mfagiaji, hakuna aliyechukua kitu kwa deni. Waliuza kwa bei ya mji, hawakushusha bei ili kuwavunja wengine, na vipimo vyao vilikuwa vya haki na unga wao haukuwa na shabu. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe ana hisa moja au hamsini. Hisa zilipewa riba yenye mpaka, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa asilimia 5. Faida iliyobaki haikuwafuata wenye hisa nyingi. Iliwafuata walionunua, kila mtu kwa kadiri alivyonunua. Tuseme mwisho wa robo mwaka chama kimeona kinaweza kurudisha shilingi 2 kwa kila pauni. Mama aliyenunua vitu vya pauni 10 alirudishiwa shilingi 20, yaani pauni nzima, naye hakuwa ameweka akiba kwa kujinyima. Aliiweka kwa kula. Angeweza kuichukua, au kuiacha katika chama izae hisa. Maskini wengi ambao hawakuwahi kuwa na pauni moja mkononi walijikuta wana pauni 10.

Nimesema mama, wala sikukosea. Chama cha Rochdale hakikuwafungia wanawake mlango. Mwaka 1846 aliandikishwa Eliza Brierley, mwanachama wa kwanza mwanamke, katika siku ambazo kwa sheria ya nchi ile mali ya mwanamke aliyeolewa ilihesabiwa kuwa ya mumewe. Bunge halikuanza kuiondoa sheria hiyo hata 1870, na halikuimaliza hata 1882. Duka la wafumaji lililitangulia Bunge kwa miaka ishirini na zaidi. Nami, kwa heshima yote, nakumbusha kwamba katika daftari la ada la mwaka huu majina ya akina mama waliolipa kwa wakati yanazidi ya wanaume, na katika Halmashauri hakuna kiti hata kimoja cha mama. Mwenye kuuliza atanijibu kwamba si kazi ya karani kusema hayo. Ni kazi ya karani kuhesabu, nami nimehesabu.

Chama kilikua polepole. Mwisho wa 1845 wanachama walikuwa 74. Mwaka 1848 walikuwa 140. Halafu angalieni: mwaka 1849 wakawa 390, na 1850 wakawa 600. Walitoka wapi? Hapa naomba masikio yenu, maana hii ndiyo sababu hasa iliyonifanya nichague mji huu.

Katika Rochdale ilikuwapo benki ya akiba ya watu wadogo. Aliyeiendesha alikuwa mtu mwenye viwanda, mwenye kuheshimiwa mji mzima, na wadhamini wake walikuwa watu wakubwa wasiotiliwa shaka. Alikufa mwezi wa Novemba 1849. Daftari zilipofunguliwa ilionekana kwamba zaidi ya pauni 70,000 za wenye akiba hazipo. Kwa miaka mingi mtu yule alikuwa amepokea fedha, akaziandika katika vitabu vidogo vya wateja, asiziandike katika daftari kubwa la benki. Kila mteja alitazama kitabu chake akaona ni sawa. Wadhamini walitazama daftari kubwa wakaona ni sawa. Hakuna aliyechukua kitabu kidogo akakiweka kando ya daftari kubwa akalinganisha. Kumkagua mtu wa heshima kama yule kulionekana kuwa ni kumtukana.

Watu waliopoteza akiba zao, au waliobakiwa na kitu baada ya mshtuko ule, walitazama huku na huku, wakaliona duka la Toad Lane, ambalo hesabu zake zilisomwa mbele ya wanachama wote kila robo mwaka na kubandikwa zisomwe na kila mtu. Hawakulikimbilia kwa sababu ya wema wa wenyewe. Walilikimbilia kwa sababu ya hesabu zilizoonekana.

Wazee wangu, mnajua ninakoelekea. Yaliyotupata miaka sita iliyopita katika chama hiki hayana haja ya kusimuliwa tena, wala sitalitaja jina la mtu. Aliyetunza sanduku alikuwa mtu mzima, mwenye haya, mwenye kusimamia misiba ya wenzake kama yake. Tuliona aibu kumwomba daftari. Na pale alipofiwa mama mmoja wa chama chetu, tukafungua sanduku, tukakuta karatasi za ahadi. Marehemu mume wa mama yule alilala chumba cha maiti siku kumi na moja hata tulipochanga upya. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia mama yule kila jioni kwamba ni kesho. Siku ya saba hakunijibu tena. Alikuwa akinitazama tu.

Nisiwafanye watu wa Rochdale malaika. Mwaka 1854 waliokuwa katika chama kile walianzisha kiwanda cha kufuma na kusokota pamba, wakaweka kanuni nzuri, kwamba faida igawanywe kwa wenye mtaji na pia kwa wafanya kazi. Kiwanda kilipostawi waliingia wenye hisa wapya, wengi wao wasiofanya kazi humo, waliotaka gawio tu. Mwaka 1862 wakapiga kura, wakaliondoa fungu la wafanya kazi. Tena ilikuwa kwa kura halali, mtu mmoja kura moja! Basi kanuni peke yake haitoshi ikiwa walioingia hawajui kwa nini iliandikwa. Labda ndiyo maana chama cha duka kilikuwa na chumba cha magazeti na vitabu, na tangu miaka ya 1850 kilitenga asilimia 2 na nusu ya faida kwa elimu ya wanachama.

Na wengine hawakufikiwa kabisa. Nimekwisha kusema kwamba walioanza walikuwa mafundi zaidi kuliko mafukara. Aliyekuwa fukara kweli kweli alikwisha kufungwa na daftari la duka jingine. Hakuwa na fedha mkononi ya kuanza upya Toad Lane, hata kama unga wa huko ulikuwa safi. Kanuni ya fedha mkononi iliwalinda waliokuwamo, ikawaacha nje waliohitaji kuliko wote. Sijaona kitabu kinachoweza kulifuta jambo hilo.

Mwaka 1860 wanachama walikuwa 3,450, na mauzo ya mwaka yalipita pauni 152,000. Mwaka uliofuata vita vilizuka Marekani baina ya majimbo ya kaskazini na ya kusini, na pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini, ambayo ndiyo iliyolisha viwanda vya Uingereza, haikufika tena. Mamia ya maelfu ya watu wa jimbo lile la Lancashire walikosa kazi. Hata hivyo, katika mkutano uliofanyika Manchester tarehe 31 Desemba 1862, wafanya kazi walimwandikia Rais Lincoln kumwunga mkono dhidi ya utumwa, naye akawajibu mwezi uliofuata. Mauzo ya duka la Rochdale yalishuka kutoka pauni 176,000 hivi mwaka 1861 hadi 141,000 hivi mwaka 1862, maana watu walikuwa wakila akiba zao. Lakini mlango haukufungwa, na mwaka 1863 wanachama wakapita 4,000. Mwaka huo huo vyama vya kaskazini viliungana, vikaunda chama chao cha kununua kwa jumla, kilichokuwa na makao Manchester.

Vita vile vilitugusa na sisi, ingawa si wengi wanaojua. Kitambaa tulichokiita merikani kilipata jina hilo kwa sababu kilifumwa Marekani, katika viwanda vya Massachusetts, kikaletwa Unguja kwa merikebu tangu enzi ya Seyyid Said, hasa baada ya mkataba wa 1833. Misafara ilikwenda nacho bara kama fedha. Vita vilipozuia pamba, merikani ikawa adimu na ghali, na baada ya muda viwanda vya Bombay vikapata nafasi. Mpagazi aliyelipwa mikono michache ya nguo huko Tabora hakujua habari za wafumaji wa Rochdale, nao hawakujua habari zake, lakini bei ilimpanda na kumshuka kila mmoja kwa sababu moja.

Juu ya nchi yetu nitapita upesi. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Kenya ilitungwa mwaka 1931, lakini hasa walionufaika walikuwa wakulima wa Kizungu. Ilikuwa baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo Waafrika walipofunguliwa mlango wa kuandikisha vyao. Kutoka hapo zimekuja kahawa, maziwa, na vyama vya akiba na mikopo ambavyo wengi wenu mmo. Wengine vimewajengea nyumba, na wengine vimewaliza. Kila mtu anayo habari yake.

Sasa mashauri mawili. La kwanza lasema Mfuko wa Mazishi ukopeshe wanachama, kwa kuwa fedha zimelala. Ninasema hazilali, zinangoja, na ajuaye zinamngojea nani ni Mungu peke yake. Mkopo unataka mwaka kurudi, na mauti haitoi notisi ya siku saba. Tukitaka kukopeshana, na tunataka, tuanzishe mfuko wa pili, wenye hisa zake na daftari lake, na ambaye hakuchanga humo asikope humo. La pili, duka. Nakubali tufungue duka katika kiwanja chetu, liuze kwa fedha mkononi, na faida irudi kwa wanunuzi kwa kadiri ya manunuzi yao.

Mzee mmoja ninayemheshimu kama baba aliniuliza juzi, "Chama kinachomnyima mwanachama unga siku ana njaa, ni chama cha nini?" Nililala na neno hilo siku mbili. Jibu nililo nalo ni hili, wala silioni kuwa kamili: mwenye njaa apewe unga, wala asikopeshwe. Mkutano utenge kila mwaka fungu la msaada, wazee wawili na mama mmoja waligawe kwa siri, na mtu aliyepewa asiandikwe deni po pote. Fungu likiisha, limekwisha, na mwaka ujao tuliongeze. Wapo watakaolitumia vibaya. Baba yangu asingelitumia vibaya, na angeweza kusema juu ya yale mafuta ya taa.

Tena naomba ombi moja la mwisho, nalo lanihusu mimi mwenyewe. Mkutano uchague wakaguzi wawili wasio wajumbe wa Halmashauri wala jamaa zangu, wakague daftari kila miezi mitatu, nao waite kadi za wanachama kumi wasiochaguliwa na mimi, wazilinganishe na daftari kubwa mstari kwa mstari. Nimekuwa karani wenu miaka mitano na hakuna aliyewahi kuniomba kuonyesha kitu. Mmefanya hivyo kwa kuniheshimu, nami nashukuru, lakini heshima hiyo inanitisha.

Daftari tatu ziko mezani pale karibu na dirisha, pamoja na stakabadhi za benki. Zitakaa wazi tangu sasa hata wakati wa kura, saa tisa, na mwenye kadi yake na aje nayo. Bwana Mwenyekiti, nimemaliza.